Nani Atampeleka Mzee Askari Kwenye Mnara Wake?

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Hiki ni kipindi cha historia.

Tunarekodi Nyarutarama, hapa Kigali, mtaa wa nyumba za mabalozi na uwanja wa gofu. Ukitoka hapa ukapanda kuelekea Remera, utafika kwenye makaburi ya mashujaa wa Rwanda. Hapo amelazwa Fred Gisa Rwigema, aliyeuawa Oktoba 1990. Yupo Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1994. Na lipo kaburi la askari asiyejulikana, anayesimama badala ya wenzake wote waliokufa vitani. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, watu huja kuweka mashada ya maua.

Desturi ya kumzika askari mmoja asiye na jina kwa niaba ya wengi ilianza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 11 Novemba 1920, Uingereza ilimzika wa kwake London, na siku hiyohiyo Ufaransa ikamleta wa kwake Paris. Tangu hapo nchi nyingi zimeifuata.

Leo tuulize swali moja. Mtu aliyepigana vita akiwa kijana, sasa ana miaka 90 au 100, miguu imechoka, macho hayaoni vizuri. Anatamani kusimama mara moja tu mbele ya kaburi la mwenzake kabla hajafa. Nani atampeleka?

(Muziki mfupi.)

Kule London wapo madereva wa teksi waliolijibu swali hili. Mwaka 1948, miaka 3 baada ya vita kwisha, madereva wa mtaa wa Fulham walianzisha chama cha hisani cha kuwasaidia askari wa zamani. Chama hicho kipo mpaka leo. Dereva anaacha kazi yake kwa siku kadhaa, anampakia mzee kwenye teksi ileile anayoitafutia mkate, wanavuka bahari mpaka Ufaransa au Uholanzi. Mzee halipi kitu. Wanakwenda Normandy, pwani ambako majeshi yalishuka tarehe 6 Juni 1944, na wanakwenda kwenye makaburi ya vita yaliyo karibu.

Angalia kinachotokea mzee akifika. Makaburi yamepangwa kwa mistari. Mawe mengi yana jina, namba ya askari, kikosi chake na tarehe aliyokufa. Kipo kitabu cha kuonyesha mstari upi na jiwe la ngapi. Mzee anataja jina la rafiki yake, na baada ya dakika chache amesimama mbele yake.

Kwa hiyo, msikilizaji, safari hii inahitaji vitu vitatu: mzee awe hai, apatikane mtu wa kumpeleka, na jina liwe limeandikwa mahali. Watu husifu cha pili, yaani gari na wema wa dereva. Mimi nakuomba ukitazame cha tatu. Bila jina, teksi ingezunguka Normandy nzima na mzee angerudi nyumbani bila kumwona mwenzake.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kwetu. Je, babu zetu hawakupigana? Walipigana. Tarehe 6 Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia hapa Kigali na kuwaondoa Wajerumani. Maofisa walikuwa Wazungu, lakini askari walikuwa Wakongo wa Force Publique. Waliendelea kwa miguu mpaka Tabora, wakaiteka tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Nyuma yao walikwenda wapagazi, wamebeba risasi, unga na mahema kichwani.

Upande wa Waingereza ilikuwa hivyohivyo. Askari wa King's African Rifles, tunaowaita KAR, walipigana, na wapagazi wakabeba. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Jina hilo likageuka mdomoni mwa watu, likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Ukisikia mtu anakwenda sokoni Kariakoo, anataja jeshi la wabeba mizigo bila kujua. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu.

Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, iliundwa tume ya kutunza makaburi ya askari wa himaya ya Waingereza. Sheria yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, mkubwa na mdogo sawasawa. Huko Ulaya sheria hiyo ilifuatwa. Huku kwetu haikufuatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ofisa wa tume aliandika kwamba gavana wa Tanganyika alitaka makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori.

Badala ya mawe yenye majina, zikasimamishwa sanamu. Dar es Salaam ina Mnara wa Askari tangu mwaka 1927, na Nairobi na Mombasa zina sanamu zao. Chini ya sanamu yameandikwa maneno ya mwandishi Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanayoahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini zunguka sanamu hiyo pande zote, hutakuta jina hata moja la mpagazi. Yule askari asiyejulikana wa London hakujulikana kwa sababu mwili wake haukutambulika. Wapagazi hawa walikuwa na majina, na hakuna aliyeona haja ya kuyachonga.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakitumikia himaya katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

(Muziki mfupi.)

Vita vya Pili vilikuwa tofauti kidogo. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa mpaka Burma kupigana na Wajapani. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawana kaburi, lakini wanajeshi hao wana ukuta: wanakumbukwa kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Na kule Taukkyan, karibu na Yangon, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo.

Lakini nani wa kumpeleka mzee wa Machakos au Tabora mpaka Yangon? Kwa wazee wetu, msaada ulielekea tumboni kwanza. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili askari wa zamani na wajane wapatao 7,000, katika nchi zilizokuwa chini yake, wapate milo miwili kwa siku. Sisi tunaoishi kwa mgao tunaelewa. Mwenye njaa haulizi kwanza habari za mnara. Lakini ona tofauti: miaka zaidi ya 70 baada ya vita, mzee mmoja anapelekwa Normandy, mwingine ndiyo kwanza anahakikishiwa ugali.

Wakati mwingine ni mkubwa anayesafiri kumfuata mzee. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa, akamvika nishani Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyetumika Burma. Novemba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza alifika kwenye makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawarudishia wazee wa Kenya nishani zao. Baadhi yao walikuwa wamezitupa wakati wa vita vya Mau Mau, kwa kuogopa kuonekana watu wa mkoloni. Ilikuwa heshima kubwa, lakini ilifika wakati wengi wa wenzao wamekwisha kufa.

(Muziki mfupi.)

Kwa nini nawaambia haya ninyi mlioko Kiziba, Mahama, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa? Kwa sababu hata sisi tuna watu waliolala mbali. Wengine waliachwa Masisi, Rutshuru, Kalehe. Wengine walizikwa kando ya njia usiku, bila msalaba wala jiwe. Hakuna teksi itakayokuja kesho kutupeleka kwao.

Lakini kitu cha tatu, jina, hakihitaji gari wala ruhusa ya kutoka kambini. Kinahitaji daftari na kalamu. Majina ya wapagazi wa 1916 yalijulikana na mama zao. Wale mama walipokufa, majina yakafa nao, na leo wenye elimu wanahangaika kuyatafuta kwenye makaratasi ya zamani. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Nairobi zimepatikana kumbukumbu za askari wa KAR zilizodhaniwa kupotea. Familia ambazo hazikujua babu alikwenda wapi zikaanza kupata jibu, baada ya miaka 100.

Tusingoje miaka 100. Jioni hii, kijana mwenzangu, kaa na bibi au babu. Muulize kwa adabu, na akinyamaza, mwache, urudi siku nyingine. Andika jina kamili la marehemu, jina la baba yake na la mama yake, kijiji chake, mwaka, na mahali alipozikwa: chini ya mti gani, ng'ambo ya mto upi, karibu na kanisa au shule gani. Andika nakala mbili, moja ikae kwa ndugu anayeishi sehemu nyingine. Usiandike aliyemuua wala maneno ya kulipiza. Orodha hii ni ya kumtafuta mtu wetu.

Siku njia itakapofunguka, atakayesafiri ajue anamtafuta nani.



(Muziki wa kufungia.)