Visiwa Vidogo Vilivyotangulia Kusema Habari za Bahari Kupanda



Ukimtaja Ibn Battuta, wengi hukumbuka safari yake ya Mombasa na Kilwa. Wachache wanajua kuwa katika miaka ya 1340 alikuwa kadhi wa Maldivi, visiwa vya Kiislamu katika Bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko haifiki hata mita 1 juu ya bahari.

Mwezi wa Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliingia Malé, mji mkuu, yakamega ardhi iliyokuwa imefukiwa baharini na kuharibu uwanja wa ndege. Oktoba mwaka huo huo Rais Maumoon Abdul Gayoom, aliyesoma Al-Azhar, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akaeleza kuwa nchi yake haikuchangia balaa linaloijia, na peke yake haiwezi kujiokoa. Kumbuka kuwa jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya hewa lilikuwa bado halijaundwa, lilikuja 1988. (Gayoom alitawala miaka 30 na baadhi ya wapinzani wake walionja jela. Lakini kwa hili apewe haki yake.)

Novemba 1989 nchi ndogo zilikutana Malé. Mwaka uliofuata ukazaliwa Umoja wa Nchi Ndogo za Visiwa, ambao jirani zetu Komoro na Shelisheli ni wanachama. Kila mmoja peke yake ni mdogo, lakini kwa pamoja wana kura nyingi, na ni wakaidi. Mwaka 1994 wao ndio waliotangulia kupeleka rasimu ya mkataba wa kuzibana nchi tajiri zipunguze hewa chafu, kabla ya Mkataba wa Kyoto wa 1997. Na ile nyuzijoto 1.5 inayotajwa katika Mkataba wa Paris wa 2015 isingekuwamo bila wao kuing'ang'ania.

Mtu wa Kampala atauliza, sisi na bahari wapi na wapi? Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika mpaka Ggaba na Port Bell maji yakaingia walipozoea kusimama watu. Ile ilikuwa mvua, si bahari, lakini aliyehama nyumba yake anaielewa lugha ya Malé.

Wanafunzi someni hili vizuri. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakiwa Vanuatu, waliwaza: kwa nini tusiiulize mahakama kubwa ya dunia? Wakaandikia serikali za visiwa, na Vanuatu ikakubali kulibeba jambo hilo. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha ombi lao bila kupingwa. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo Jaji Julia Sebutinde wa Uganda ni mmoja wa majaji wake, ikatoa jibu kwa kauli moja: nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na atakayeuvunja anaweza kudaiwa fidia. Ni maoni tu, hayamfungi mtu kama hukumu. Hata hivyo mawakili sasa wanayo mkononi, na safari ilianzia darasani.