Mbube: wimbo uliozunguka dunia bila jina la mwenyewe

Vijana wenzetu, wengi wetu humu kambini tunarekodi nyimbo. Lakini ni wangapi tumeandika popote kwamba wimbo ni wa nani? Tuangalie historia ya mzee Solomon Linda.

Linda alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini. Alifanya kazi Johannesburg kwenye kampuni ya Gallo, kazi ya kufungasha santuri. Mwaka 1939 yeye na kundi lake, Evening Birds, walirekodi hapo hapo wimbo "Mbube", maana yake simba. Santuri ilinunuliwa sana. Lakini haki za wimbo zilibaki kwa kampuni, yeye akapewa shilingi 10. Kumi tu!

Santuri ikafika Marekani. Kundi la The Weavers wakalisikia vibaya neno la Kizulu, wakaimba "Wimoweh". Penye jina la mtunzi pakaandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hayupo kabisa, jina la kubuni. Mwaka 1961 The Tokens wakautoa kwa maneno ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba 1 Marekani. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika kwenye filamu ya The Lion King, na wakati huo watoto wake bado walikuwa wakiishi kwa shida Soweto.

Nini kilibadilisha mambo? Sheria ya Uingereza ya 1911 ilisema haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa sheria hiyo kesi ikafunguliwa mwaka 2004 dhidi ya Disney. Februari 2006 pande zikapatana: Linda atajwe kuwa mtunzi mwenza, na familia ilipwe ya nyuma na ya mbele. Hapo imepita miaka 67!

Sisi tunajifunza hivi: kuuza wimbo si sawa na kuruhusu utumike. Ukiuza, umemaliza. Ukiruhusu, unabaki wako, na kila ukitumika unadai fungu lako.

Kwa hiyo kabla hatujatoka studio, tuandike: nani katunga maneno, nani sauti, nani biti, fungu la kila mmoja, tarehe, sahihi. Halafu kila mtu aipige picha karatasi hiyo kwa simu yake. Maana sisi ni watu wa kuhama: leo tunaimba pamoja, kesho mmoja anapelekwa Canada, mwingine anarudi nyumbani.