Lambo la Data, Si Ghala

Katika orodha moja ya istilahi za kompyuta inayozunguka kwa walimu, hifadhi ambamo data hutiwa ikiwa mbichi, kila moja na umbo lake, imepewa jina la "ghala la data ghafi". Walioiandaa hawatatajwa hapa. Kosa lao litatajwa. Ghala ni jina la kitu kingine, kilichokuwapo tangu miaka ya 1980: hifadhi ambayo data haiingii mpaka isafishwe na kupangwa kwenye majedwali. Kuliongezea ghala neno "ghafi" ni sawa na kuandika "mchele wenye maganda" wakati Mswahili ana mpunga.

Anayetaka kuiona tofauti na aende Katoro, mji wa biashara magharibi ya Geita. Mchimbaji mdogo hutoa mawe duarani, yaani shimoni mwake, akayatia kwenye mifuko, na mifuko ikakaa. Karasha la kusaga mawe baadaye, mwalo wa kuyaosha baadaye, zebaki baadaye. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi. Huo ndio marudio, nao huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi, maana dhahabu iliyoishinda zebaki bado imo. Data mbichi huwekwa kwa sababu hiyo hiyo: swali la mwakani halijulikani leo, na anayesafisha mapema humwaga marudio yake.

Mwaka 2010 James Dixon wa kampuni ya Pentaho aliifananisha data iliyosafishwa na maji ya chupa, na hii mbichi akaifananisha na ziwa linaloingiwa na mito. Kuanzia hapo wapo wanaosema "ziwa la data". Ni afadhali kuliko ghala, lakini wingi wake unaliangusha. Mwalimu akitamka "maziwa ya data" mbele ya darasa, nusu ya wanafunzi wanafikiria ng'ombe. Tena ziwa halichimbwi na mtu. Mkazi wa Geita anayeijua Nyanza, yaani Ziwa Victoria, hawezi kuambiwa kwamba fundi fulani ameijenga wiki iliyopita kwenye kompyuta yake.

Neno lipo, nalo ni lambo.

Lambo huchimbwa na watu, likaingiwa na maji ya mvua kutoka kila upande, yakiwa na tope lake na majani yake. Kisha ng'ombe wakanywa, wa huyu na wa yule, kila mwenye kundi na haja yake. Lisipoangaliwa hujaa mchanga likawa kinamasi, na wataalamu wa data duniani kote hutumia picha hiyo hiyo ya kinamasi kwa hifadhi ambayo hakuna tena anayejua kilichomo. Jirani zetu wa Malawi na Zambia huita dambo bonde lenye majimaji, na neno hilo limeingia katika vitabu vya jiografia vya Kiingereza bila kuombewa kibali. Sauti na maana ya maneno hayo mawili hazijaachana mbali. Kisarufi lambo halina taabu: lambo, malambo, lambo hili, malambo haya.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipendekeza kwa maandishi, kurasa nne, na akajibiwa kwa sentensi moja kwamba ni "neno la wafugaji". Jibu hilo lilimuuma na linamuuma bado. Hotuba za bajeti ya mifugo husomwa bungeni Dodoma zikitaja majosho na malambo, na hakuna mbunge anayeomba tafsiri. Neno linalofaa kuombewa fedha za umma linashindwaje kufaa kwenye somo la kompyuta?

Kuhusu daftari, neno jingine la kazi hii ya data, hakuna ugomvi. Lilianzia kwa Wagiriki, kwao likiwa ngozi ya mnyama iliyoandaliwa, likapita Uajemi na Uarabuni, likafika dukani Katoro likiwa kaunta buku yenye mistari. Daftari la Jupyter, mradi uliozaliwa mwaka 2014, linastahili jina hilo hilo bila kuongezewa "kielektroniki" wala "shirikishi": ni ukurasa wa kuandika maelezo, hesabu na majibu yake pamoja.

Zana zenyewe za kufanyia kazi lambo na daftari, yaani Python, Jupyter na hifadhidata ya DuckDB, hupakuliwa mara moja, halafu kazi huendelea hata kifurushi cha intaneti kikiisha. Daftari hufunguka kwenye kivinjari kwa mlango namba 8888, na anayetaka Spark, zana ya kuchakata data nyingi, aweke Java kwanza. Folda moja inatosha kuwa lambo la kujifunzia. Mtoto wa mwenye karasha ataipa jina hilo, lambo, atie humo jumbe za malipo kutoka kwenye simu, jedwali la bei za dhahabu, na picha ya ukurasa wa kaunta buku ya baba yake, yenye vumbi la mawe pembeni: tarehe, duara, mifuko, na safu ya gramu ambayo bado haijajazwa.