Uchafu Uliofumbua Siri za Chumvi

Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, Spyro Kyropoulos alieleza njia ya kuotesha fuwele kubwa za chumvi. Chumvi iliyeyushwa kwanza. Ile ya mezani huhitaji nyuzijoto 801 za Selsiasi. Kisha ncha iliyopozwa iligusishwa juu ya kimiminika hicho cha moto. Palipoguswa paliganda, na fuwele ikakua taratibu, angavu kama maji. Ilipopoa ilipasuliwa kwa ubapa wa chuma, ikaachana kwa nyuso laini zilizonyooka.

Robert Wichard Pohl wa chuoni hapo alitumia fuwele kama hizo kuchunguza rangi. Kloridi ya potasiamu, ambayo kwa kawaida haina rangi, iligeuka zambarau ilipopashwa moto ndani ya mvuke wa potasiamu. Kasoro chache mno zilitosha kuibadilisha.

Mwanawe, Robert Otto Pohl, alihamia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akageukia joto. Tangu 1912, Peter Debye alikuwa ameonyesha kwamba joto la kitu kigumu laweza kuhesabiwa kama mawimbi ya sauti yanayotikisa atomu zake. Yanatetema mara mabilioni kwa sekunde, kwa hiyo hakuna sikio linaloyasikia. Pohl aliyafuatilia kwa kupima jinsi joto linavyopita kwenye fuwele iliyopozwa hadi karibu na sifuri halisi.

Mwaka 1962 alitangaza matokeo ya kloridi ya potasiamu iliyotiwa nitriti kidogo. Katika viwango fulani vya baridi, joto lilipita kwa shida. Ioni za nitriti zina mitikisiko yake zenyewe. Wimbi lenye mtetemo unaolingana nayo hunaswa na kutawanywa, na mengine hupita.

Lithiamu ilipotiwa katika chumvi hiyo ilileta ajabu nyingine. Ioni yake ni ndogo mno kwa nafasi inayoachwa na potasiamu, hivyo haitulii katikati. Huegemea pembeni, ikihamahama kati ya sehemu 8, na kuhama huko nako huyazuia mawimbi.

Mwaka 1971, Pohl na mtafiti mwenzake Zeller walionyesha kwamba kioo cha kawaida, kwenye baridi kali, hupitisha joto vibaya kuliko fuwele. Maelezo yaliyotolewa mwaka uliofuata yalitegemea atomu zinazohama kati ya nafasi mbili. Tabia ya namna hiyo ilikuwa imeshapimwa ndani ya chumvi iliyochafuliwa kwa makusudi.