Miti ya Iten

Mgeni aingiaye katika uwanja wa Shule ya Sekondari ya St Patrick's, iliyojengwa Iten juu ya ukingo wa bonde la Kerio, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, aghalabu hutazamia kuonyeshwa kabati la vikombe. Kumbe fahari ya mahali pale imepandwa nje, imetia mizizi, nayo ni miti. Wanafunzi wa shule hiyo waliojipatia ubingwa katika mbio za dunia wamepandiwa kila mmoja mti wake, na kuwekewa kibao chenye jina lake. Taadhima ya namna hii naipenda kuliko sanamu ya shaba, kwa kuwa sanamu huisha siku inapozinduliwa, ilhali mti hauwi mti ila kwa mtu wa kuutilia maji mwaka baada ya mwaka.

Yamesemwa mengi mintarafu ya watu wa Bonde la Ufa, ya kuwa huzaliwa na mbio miguuni mwao, na ya kuwa hewa nyepesi ya milimani ndiyo iwapayo pumzi wasiyo nayo wengine. Fadhila ya hewa hiyo siikanushi. Walakini hewa hiyo ilikuwapo tangu zama na zama, na shule zilizoko katika milima ileile ni nyingi, wala hazikutoa walichotoa wana wa St Patrick's. Kwa hiyo, kwa mtazamo wangu, taarikhi ya shule hii ni taarikhi ya malezi kabla haijawa taarikhi ya miguu.

Iliasisiwa mwaka 1961 na Mabruda wa Patrician kutoka Ireland, nayo ilisifika pia kwa mpira wa wavu. Mwaka 1976 akafika Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Cork, mwalimu wa jiografia, aliyekusudia kukaa kwa muda mfupi na ambaye hakuwa na ilimu yoyote ya riadha. Kazi ya kuwafunza wakimbiaji aliikuta mikononi mwa Mwingereza Peter Foster, nduguye Brendan Foster aliyekuwa mkimbiaji mashuhuri. Na Foster aliporejea kwao, bruda akairithi kazi ambayo hakuiomba. Kwa kuwa hakuwa na mafunzo ya awali ya kuyategemea, akawafanya wanafunzi wenyewe kuwa walimu wake: akawatazama wakikimbia, akawauliza walichohisi, akajifunza kwao wakati wa kuwahimiza na wakati wa kuwaacha wapumzike. Yote hayo yalifuata saa za shule, kengele yake, mihula yake na mitihani yake, nami naamini mipaka hiyo iliwahifadhi wale vijana kuliko ilivyowazuia.

Matunda yalianza kuonekana kwa pacha wawili, Kipkoech na Charles Cheruiyot. Mwaka 1983, mjini Munich, Kipkoech alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.92, muda ambao hakuna kijana wa umri wake duniani aliyekuwa ameufikia. Na mwaka uliofuata Charles akawa wa sita katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Los Angeles.

Ila ni Peter Rono ambaye kisa chake nakikumbuka kwa mapenzi makubwa zaidi. Alitoka Iten akaenda kusoma Mount St. Mary's, chuo kidogo katika mji wa Emmitsburg, jimbo la Maryland nchini Marekani, na alikuwa angali mwanafunzi huko alipokwenda Seoul mwaka 1988 kwa mbio za mita 1,500 za Olimpiki. Wakubwa wa mbio zile walikuwa wengine: Said Aouita wa Morocco, ambaye maumivu yalimtoa kabla ya fainali, na Steve Cram wa Uingereza. Rono, kijana wa miaka 21, mwembamba, asiyetajwa na wengi, alishika uongozi mapema na kuwaachia wenziwe taabu ya kumpita. Wakajaribu wote, wasiweze. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 35.96, akimtangulia Peter Elliott kwa sekunde 0.19 tu, na hadi siku hiyo hapakuwa na bingwa wa Olimpiki wa masafa hayo aliyekuwa na umri mdogo kuliko wake.

Mwaka huohuo mwana mwingine wa Iten, Ibrahim Hussein, ambaye mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, alikwenda kwenye marathoni ya Boston. Huko alipambana na Juma Ikangaa wa Tanzania hata mita za mwisho, na baada ya kilomita 42 zilizotengana baina ya majirani hao wawili ni sekunde moja: Hussein saa 2:08:43, Ikangaa saa 2:08:44. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuyashinda mashindano hayo kabla yake, naye akarudi kuyashinda tena mwaka 1991 na 1992. Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili siku ile ilikuwa na furaha na majonzi kwa kadiri moja, na ni haki Ikangaa atajwe kila Hussein atajwapo.

Wapo waliofuata. Matthew Birir alitwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer alikwenda Denmark kusoma mwaka 1990, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995 kwa jina la nchi hiyo, kisha akazuiliwa kushiriki Olimpiki ya 1996 kwa kuwa uraia wake ulikuwa haujakamilika, ilhali hapakuwa na aliyemweza. Mwaka uliofuata aliifikia rekodi ya Sebastian Coe iliyodumu tangu 1981, akaivunja Zurich, akaivunja tena Cologne kwa dakika 1 na sekunde 41.11.

Tangu mwaka 1989 malezi yale yalivuka ua wa shule ya wavulana, zilipoanzishwa kambi za vijana wakati wa likizo, na wasichana wakapata fungu lao. Sally Barsosio, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1997, alipita katika mikono hiyohiyo. David Rudisha naye, aliyekimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, hakusoma darasani St Patrick's. Alisoma shule nyingine palepale Iten, lakini jioni mkufunzi wake alikuwa yuleyule mwalimu wa jiografia aliyekuja kukaa kwa muda mfupi.