Pamba Ilipoondoka, Kuta Zilibaki

Mfuko wa saruji unaouzwa Nansio, kisiwani Ukerewe, lazima uwe umevuka maji. Ama umepakiwa melini Mwanza, ama umezungushwa Bunda hadi Kisorya, ukavushwa kwa kivuko mpaka Rugezi. Nauli yote hiyo anailipa mjenzi. Ndiyo maana Ukerewe ukuta wa zamani uliosimama imara ni mali, na Kanda ya Ziwa pamba imeacha kuta nyingi.

Mwaka 1955, wakulima wa pamba waliochoshwa na mizani ya wanunuzi waliunganisha vyama vyao vya ushirika chini ya Paul Bomani, likazaliwa shirikisho la Victoria, baadaye Nyanza. Likamiliki viwanda vyake lenyewe vya kuchambua pamba. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, ikavirudisha miaka ya 1980. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Nyanza ikazama kwenye madeni, na vinu vingi vikanyamaza.

Kiwanda cha pamba ni jengo la ajabu kidogo: paa refu la bati, sakafu pana isiyo na vyumba ili marobota yapite, madirisha machache. Kulifanya makazi ni kutoboa kuta ili mwanga uingie, kuinua sakafu ya pili kwenye kimo kilichopo, kisha kuchimba mifereji ya maji taka. Kama paa lina asbesto, liondolewe kwanza, tena na mafundi wanaojua.

Manchester wameyafanya hayo: Murrays' Mills, kiwanda cha kusokota pamba kilichoanza kujengwa 1798, sasa watu wanalala humo. Kwetu mifano ni michache. Slipway ya Msasani, Dar es Salaam, ilikuwa yadi ya boti; leo ina maduka, hoteli na nyumba za kupanga. Nairobi, ghala la Dunga Road liligeuzwa mwaka 2003 kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Kawe, Dar es Salaam, kwenye ardhi ya kiwanda cha zamani cha nyama cha Tanganyika Packers, Shirika la Nyumba lilichagua kuanza maghorofa mapya.

Maghorofa yana mvuto wake, sawa, lakini kisiwani hesabu ni nyingine. Walimu na wauguzi wanaohamia wanatafuta vyumba. Wafanyabiashara wa dagaa wanatafuta ghala. Jengo moja la pamba lingewatosha wote, vyumba juu na stoo chini. Kigingi ni hati: mali ya ushirika ikishawekwa rehani benki au kuuzwa kwa utata, hakuna fundi atakayethubutu kugusa tofali kabla mwenye jengo hajajulikana.