Tarehe ya Mashina ya Kogo

Tarehe ya nchi ya Kericho aghalabu huandikwa kwa majina ya makampuni, na jambo hili lina asili yake, maana ardhi waliyopokonywa Wakipsigis katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ambayo sehemu yake walikatiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza waliorudi na vilema, wakalima kitani na kitani kikawatupa mkono, ndiyo ardhi ambamo Brooke Bond na James Finlay walishika kupanda chai katikati ya miaka ya 1920. Vitabu vinavyotaja hekari na viwanda vipo, nami sina ugomvi navyo. Lakini tangu alipofariki mama wa mama yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kogo, nimeona ni haki, tena ni deni, kuisimulia biashara hii kwa maisha yake, kwa kuwa kila shilingi ya chai iliyotulea sisi ilipita kwanza katika vidole vyake.

Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili katika vilima vya Konoin, ambavyo siku hizo vilikuwa Kericho na sasa ni Bomet. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe na wimbi, naye, kama wazee wengi wa rika lake, aliihesabu kazi ya kuchuma chai kuwa riziki ya mtu asiye na zizi. Hata wachumaji waliojaa katika kambi za kampuni wengi wao walikuwa Waluo, Waluhya na Wakisii waliotoka nchi za Nyanza. Kogo alikua akiitazama chai kwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa rizavu ya Wakipsigis, ikiwa mmea ambao Mwafrika hakuruhusiwa kuupanda katika shamba lake mwenyewe. Ruhusa ilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1950, alikwisha kuolewa na ana mtoto mgongoni.

Hapo ndipo tarehe yake hasa inapoanza. Babu alipewa miche, akaonyeshwa nafasi ya kuacha kati ya shina na shina, akaandikwa jina. Aliyechimba mashimo alikuwa Kogo. Aliyepalilia kwa miaka mitatu mmea usiotoa hata jani la kuuza, huku akilima wimbi na mahindi ya kulisha nyumba, alikuwa Kogo. Mwaka 1964 ilipoundwa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, na malori yakaanza kuja hata kwenye njia za matope, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, akikamua ng'ombe, akikitia maziwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alichokisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo ashike kikapu. Majani mawili na chipukizi, basi. Jani kuukuu karani hulitupa. Na kwa kuwa chai iliyochumwa leo hailali nyumbani, na mvua ya Kericho hupenda kuanguka alasiri, mara nyingi alisimama penye kituo cha kupimia hata usiku, maji yakimchuruzika shingoni, akilingoja lori lililokwama mlimani.

Malipo yalikuja kwa jina la mumewe. Babu hakuwa mtu mbaya, nami namtaja kwa heshima. Alikuwa mtu wa zama zake, na zama zake zilimfundisha kwamba namba ya chai, ambayo mkulima hulipwa kwayo, ni ya mwenye shamba na mwenye shamba ni mwanamume. Basi bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka, ikawa yaingia mji wa Litein na kutoka imepungua, na karo ya watoto ikawa yangoja. Ukafika mwaka Kogo akaweka kikapu chini. Hakupiga kelele, wala hakurudi kwao. Alipika, alikamua, alilima wimbi lake, na chai akaiacha ikarefuka hata ikawa vichaka vya kuficha mbuzi. Wazee walipoitwa, alisema mbele yao kwa staha kwamba yeye hakatai kazi, ila hajui anamfanyia nani. Shauri likaisha kwa kumkatia mashina ya upande wa mto yawe yake, na namba yake mbali. Nimesikia tangu hapo kuwa wake wengi wa nchi ile walifikia suluhu kama hiyo kwa njia kama hiyo, na mimi nayahesabu mashauri yale kuwa matukio makubwa katika tarehe ya chai, ingawa hayakuandikwa na karani yeyote.

Kwa namba ile wanawe wote walisoma, wa kike kwa wa kiume. Kwa namba ile alimlaza mjomba wangu katika Tenwek, hospitali ya wamisionari, akakaa naye hata homa ikaondoka. Mama yangu alipokwenda kutafuta kazi Nairobi, sisi tuliachwa kwake, naye akatulea kwa mkono mzito na moyo mwepesi: hakuna aliyelala hajanawa miguu, hakuna aliyekula kabla ya mdogo wake. Mtoto mchanga alipozaliwa katika ukoo, yeye ndiye aliyekaa miongoni mwa wanawake wanaoyataja majina ya waliotangulia, hata mtoto apige chafya kwa jina moja na kulichukua. Na kwa ajili ya kazi hiyo alizihifadhi nasaba za pande zote mbili kama mwanachuoni ahifadhivyo aya.

Mvua ya mawe, ambayo kwetu ni adui wa kawaida, ilimharibia chai mara nyingi. Mashine za kuchumia, zilizowaondoa watu wengi katika mashamba ya kampuni hata baadhi yake zikachomwa moto na wenye hasira mwaka 2023, hazikufika kwake; mashina yake yako kwenye mteremko, na yanataka mkono wa mtu.

Mwaka wake wa mwisho aliwaita wanawe, akagawa. Sheria ya nchi imekwisha kumpa binti haki katika mirathi, lakini katika vilima vyetu sheria hutangulia na desturi hufuata nyuma kwa mbali, na wajomba zangu wawili walinuna. Kogo hakubishana nao; alimtuma mjukuu kulikamilisha andiko la mgao huo. Mama mdogo, aliyerudi nyumbani na watoto baada ya ndoa yake kuvunjika, ndiye achumaye leo upande wa mto. Namba ina jina lake, bonasi huingia katika akaunti yake, na ile ya kwanza aliipeleka yote shuleni kwa binti yake mkubwa.